Darasa la Tano na makundi matatu: uchambuzi wa kisa cha kufundisha sehemu (kama 1/2 na 1/3) kwa wanafunzi wanaojifunza kwa namna tofauti

Maelezo ya awali

Kisa hiki kilitokea katika shule ya msingi ya serikali iliyopo katika mmoja wa mikoa ya Kanda ya Ziwa, Tanzania. Jina la shule, kata na wilaya yameondolewa, wanafunzi wanatajwa kwa herufi zisizohusiana na majina yao, na mambo machache yasiyogusa funzo la kisa yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Mwandishi alihusika kama mwezeshaji katika jumuiya ya ujifunzaji ya walimu wa kata, chini ya utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA), na aliingia darasani kutazama vipindi kwa mwaliko wa mwalimu mwenyewe.

Kisa kimechaguliwa kwa sababu mwalimu huyu hakuwa mzembe wala mgeni wa kazi. Alifanya jambo ambalo walimu wengi wenye bidii hulifanya wakisikia kwamba wanafunzi hujifunza kwa mitindo tofauti, na alilifanya kwa ukamilifu kuliko wengi, kiasi kwamba tunaweza kuona waziwazi lilipompeleka.

Usuli wa shule na darasa

Darasa la Tano lilikuwa na mkondo mmoja wenye wanafunzi zaidi ya 90 katika chumba kimoja, wakati kiwango kinachotakiwa ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Madawati ya kukaa watatu yalikaliwa na wanne, na kwa desturi ya shule warefu walikaa nyuma ili wasiwazibe wenzao. Hisabati ilifundishwa kila siku katika kipindi cha dakika 40. Vitabu vya kiada vilikuwepo, lakini kitabu kimoja kilitumiwa na dawati zima, na mara nyingi anayekaa katikati ndiye aliyekisoma.

Mwalimu, ambaye hapa tutamwita Mwalimu M, alikuwa amefundisha Hisabati kwa zaidi ya miaka kumi. Kilichomsumbua ni jambo ambalo mwalimu yeyote wa shule zetu analijua: kila alipouliza "Tumeelewana?" darasa lote liliitikia "Ndiyooo!", na kila aliposahihisha madaftari jioni alikuta kwamba hawakuelewana hata kidogo. Tangu mtaala wa mwaka 2005 ulipoweka mkazo kwenye umahiri, walimu wamekuwa wakiambiwa kwamba mwanafunzi awe kiini cha somo na si msikilizaji tu. Mwalimu M aliliamini hilo kwa dhati, na alikuwa akitafuta njia ya kulitimiza katika chumba ambacho hata kupita kati ya madawati ni kazi.

Mada iliyokuwa mbele yake ilikuwa kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, ambayo ni mojawapo ya mada ngumu za shule ya msingi. Katika madaftari mengi jibu la 1/2 + 1/3 lilikuwa 2/5. Mtoto amejumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi na asili (namba ya chini) kwa asili, na kwa mtazamo wake amefuata kanuni, kwa sababu tangu darasa la kwanza kujumlisha kumekuwa na maana ya kuchukua namba zinazoonekana na kuziweka pamoja. Kosa la namna hii lina mantiki yake, na kwa hiyo halifutiki kwa kurudia kanuni kwa sauti kubwa zaidi.

Dodoso na makundi

Katika kikao kimojawapo cha walimu, Mwalimu M alipata nakala ya makala iliyoeleza kwamba baadhi ya wanafunzi hujifunza kwa kuona, wengine kwa kusikia, wengine kwa kusoma na kuandika, na wengine kwa kutenda. Mgawanyo huo wa aina nne ulianzishwa na Neil Fleming wa New Zealand mwaka 1987, na umeenea katika vyuo vya ualimu na semina kote duniani. Makala ilishauri mwalimu apime mtindo wa kila mwanafunzi, kisha amfundishe kwa mtindo wake.

Mwalimu M alipunguza aina nne kuwa tatu ili kazi iwezekane. Kwa kuwa hapakuwa na fedha za kudurufu dodoso, alilisoma kwa sauti na wanafunzi wakanyoosha mikono: nani anakumbuka zaidi akiona picha, nani akisimuliwa, nani akishika kitu kwa mikono yake. Baada ya maswali machache aliorodhesha majina na kubadilisha ukaaji. Kundi la waonaji lilikaa mbele karibu na ubao na mabango ya karatasi za manila. Kundi la wasikilizaji lilikaa katikati. Kundi la watendaji lilikaa nyuma karibu na mlango, ili liweze kutoka nje na vizibo vya soda, vijiti na makaratasi bila kuwasumbua wengine.

Uamuzi huu ulikuwa na sababu zinazoeleweka. Darasa lisilogawanywa lilikuwa limemshinda, makundi yalimpa mahali pa kuanzia, na dodoso lilimpa kigezo ambacho hakikuwadhalilisha watoto. Hapo awali shule ilikuwa imejaribu kuwapanga wanafunzi kwa "wenye uwezo" na "wasio na uwezo", na wazazi wakalalamika, kwa haki kabisa. Kumwita mtoto mtendaji kulionekana kuwa heshima kuliko kumwita mzito.

Majuma ya mwanzo

Mwalimu M aliandika andalio la somo lenye safu tatu. Waonaji walichora miduara na kutia rangi sehemu zake. Wasikilizaji walifundishwa kanuni kwa wimbo na kwa majibizano: "Asili hazifanani, tufanye nini?" nao wakaitikia "Tutafute KDS!", yaani kigawe kidogo cha shirika. Watendaji walikunja karatasi na kupanga vizibo chini ya mwembe.

Darasa lilichangamka, na hilo lisidharauliwe. Watoto waliokuwa wakisinzia walikuwa wakicheka, mahudhurio ya kipindi yakapanda, na mwalimu mkuu akawaleta walimu wa madarasa mengine kutazama. Lakini gharama yake nayo ilionekana mapema. Kila kundi lilipata mwalimu kwa theluthi moja ya kipindi tu, na dakika zilizobaki lilijiendesha lenyewe chini ya kiranja. Kuandaa zana za makundi matatu kulimfanya Mwalimu M alale saa sita usiku, na madaftari ya masomo mengine yakarundikana bila kusahihishwa.

Kisha lilikuja jaribio la katikati ya muhula, na kosa la 2/5 likaonekana karibu kila dawati, katika makundi yote matatu. Mwalimu M ndiye aliyeomba kikao kijadili matokeo hayo. Alikuja na madaftari yenyewe, jambo lililosaidia kuliko maelezo yoyote, kwa sababu kila kundi lilikuwa limekwama mahali pake na ilitosha kufungua daftari kuona ni wapi.

Madaftari yalivyosema

Waonaji walikuwa wamechora vizuri sana. Mwanafunzi S, msichana mkimya ambaye michoro yake ilibandikwa ukutani kama mfano, alichora mduara mmoja wenye sehemu mbili akatia rangi moja, na pembeni yake mduara mwingine wenye sehemu tatu akatia rangi moja. Kisha alihesabu: vipande vyote ni vitano, vilivyotiwa rangi ni viwili, jibu ni 2/5. Mchoro ulilithibitisha kosa badala ya kulisahihisha. Tena mduara wa theluthi ulikuwa mkubwa kuliko wa nusu, na hakuna aliyemwambia kwamba nusu na theluthi haziwezi kulinganishwa kama vitu vizima vyenyewe havilingani.

Wasikilizaji walijua kanuni kwa moyo. Walitafuta KDS ya 2 na 3, wakapata 6, wakaandika 6 chini, halafu juu wakaandika 1 + 1. Jibu lao lilikuwa 2/6. Wimbo uliwafundisha kutafuta asili mpya, lakini haukueleza kwa nini kiasi nacho hubadilika.

Watendaji, walipopewa vizibo, waliweza kueleza kwa vidole vyao karibu kila kitu. Madaftari yao ndiyo yaliyokuwa na maandishi machache kuliko yote. Daraja la kutoka kwenye kizibo kwenda kwenye namba iliyoandikwa halikujengwa, kwa sababu katika mpango ule kuandika kulikuwa kazi ya kundi jingine.

Wanafunzi wawili waliofichwa na lebo

Mwanafunzi K alikuwa mvulana mrefu, mchangamfu, aliyewekwa kundi la watendaji bila mjadala. Daftari lake lilikuwa na kurasa nzuri na kurasa tupu kabisa. Alipoulizwa kwa nini hanakili ubaoni alijibu, "Madamu, mimi ni mtendaji," na jibu hilo lilikubaliwa kwa majuma kadhaa. Katika kikao, mwalimu wa taaluma alilinganisha tarehe za kurasa tupu na rejista ya mahudhurio, akagundua kwamba zilikuwa siku ambazo jirani yake wa dawati hakuja shule. K alikuwa akinakili kutoka kwenye daftari la jirani kwa sababu haoni ubao. Urefu wake ulimweka nyuma tangu darasa la kwanza, na lebo ya mtendaji ikamsogeza nyuma zaidi, hadi mlangoni.

Mwanafunzi T alikuwa hodari wa kusema na ndiye aliyeongoza wimbo wa KDS. Aliposomewa swali la maneno, kwamba mama alinunua sukari nusu kilo na jirani akampa robo kilo, alijibu "robo tatu" kabla swali halijaisha. Swali hilohilo kwenye karatasi aliliacha wazi. Mwalimu M alikuwa amelichukua hilo kuwa ushahidi kwamba T hujifunza kwa kusikia. Alipopewa hadithi fupi ya darasa la pili aisome, alisoma silabi moja baada ya nyingine, na alipofika mwisho wa sentensi alikuwa amesahau mwanzo wake. Nyumbani hakikuzungumzwa Kiswahili, na katika darasa kubwa alikuwa amefika darasa la tano akitumia masikio na kumbukumbu yake nzuri kuficha kwamba kusoma hakukukamilika. Kundi la wasikilizaji lilimwondolea hata zile nafasi chache za kusoma alizokuwa nazo.

Hapa ndipo mwandishi anaona uzito wa kisa chote. K alikuwa na tatizo la macho na T alikuwa na tatizo la kusoma. Yote mawili yanapimika, yote mawili yana msaada unaojulikana, na yote mawili yalionekana kama mtindo wa kujifunza kwa sababu mtoto asiyeona ubao kweli hupenda vizibo, na mtoto asiyeweza kusoma kweli hupenda kusomewa.

Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Njia tatu zilijadiliwa. Ya kwanza ilikuwa kuendelea na makundi lakini kuboresha dodoso. Kabla ya kuamua, Mwalimu M alirudia dodoso lilelile, safari hii kila mtoto akiweka alama kwenye kikaratasi bila kumwonesha mwenzake. Wengi waliangukia kundi tofauti na lile la kwanza. Ilibainika kwamba mara ya kwanza dawati zima lilinyoosha mikono pamoja, na wengine walichagua kundi la kutenda kwa sababu lingetoka nje. Kipimo kinachobadilika kwa namna hiyo hakiwezi kubeba uamuzi wa mahali mtoto akae na afundishwe nini.

Njia ya pili, iliyoungwa mkono na walimu wawili wakongwe, ilikuwa kurudi kwenye ubao na chaki na kumaliza azimio la kazi, yaani mpango wa mada za kufundishwa. Hoja yao haikuwa ya kubeza. Upimaji wa taifa wa darasa la nne ulikuwa umepita, lakini mtihani wa kumaliza elimu ya msingi uko mbele, na mada hazisubiri.

Iliyochaguliwa ni ya tatu: somo moja kwa darasa lote, ambalo ndani yake kila mwanafunzi anashika kitu, anachora, anasema na kuandika wazo lilelile, kwa mpangilio unaounganisha hatua moja na nyingine. Sababu kuu ilitokana na yale madaftari, kwamba kila kundi lilikosa hasa kile ambacho kundi jingine lilikuwa nacho. Pamoja na hilo yaliamuliwa mambo mengine matatu. Wanafunzi wote wapimwe kuona kwa njia rahisi ya kusoma herufi ubaoni kutoka nyuma ya darasa, na wanaoshindwa wapelekwe kituo cha afya. Wanafunzi wote wasikilizwe kusoma, mmoja mmoja, kwa kifungu kifupi. Na kila kipindi kimalizike kwa swali moja linalojibiwa kwenye kikaratasi, ambalo majibu yake mwalimu atayapanga katika mafungu matatu kabla ya kipindi kinachofuata: wanaojua, wanaokaribia, na bado.

Makundi hayakufutwa kabisa, basi. Yalibadilishwa kigezo, na yakawa ya siku moja moja. Mtoto aliyekuwa kwenye "bado" Jumatatu aliweza kuwa miongoni mwa "wanaojua" Jumatano, na hakuna aliyekaa kwenye kundi muda wa kutosha kulifanya kuwa jina lake.

Kipindi cha vipande vya karatasi

Kipindi kilichobadilisha hali kinastahili kuelezwa kwa kirefu. Mwalimu M alikata mifuko mitupu ya saruji kuwa vipande virefu vyembamba, kila kimoja chenye urefu wa sentimita 12, vikatosha kila mtoto kupata kadhaa. Alichagua 12 kwa sababu inagawanyika kwa 2, 3, 4 na 6 bila kubaki kitu. Jaribio la awali la kukunja bila kupima lilikuwa limeshindwa, kwani mtoto akiambiwa akunje mara tatu hukunja nusu, kisha nusu tena, akapata robo.

Kwa rula kila mtoto alikata nusu, ambayo ni sentimita 6, na theluthi, ambayo ni sentimita 4, kutoka vipande viwili vinavyolingana. Akaziweka mwisho kwa mwisho juu ya kipande kizima. Kabla ya kuuliza jibu, Mwalimu M aliwataka waliosema 2/5 waangalie kitu kimoja tu: 2/5 ni zaidi ya nusu au ni pungufu? Mabishano yakazuka. Mvulana mmoja alisema kwamba mbili katika tano haifiki nusu, kwa sababu nusu ya tano ni mbili na nusu. Msichana wa dawati la mbele akauliza kwa mshangao wa kweli inawezekanaje uchukue nusu, uongeze kitu, halafu upate pungufu ya nusu. Mwalimu hakujibu. Aliwaacha wabishane na wenzao wa dawati kwa dakika chache, na mwandishi anaamini kwamba dakika hizo zilifanya kazi kuliko maelezo yoyote yaliyotangulia.

Kisha kila mtoto alikata vipande vya sita, yaani sentimita 2 kila kimoja, akavipanga chini ya nusu na theluthi. Nusu ilichukua vitatu, theluthi ilichukua viwili, jumla vitano. Hapo ndipo kiasi kilipoonekana kikibadilika pamoja na asili, jambo ambalo wimbo haukuweza kulionesha. Walichora vipande hivyo kwenye madaftari, safari hii vyote kwa urefu mmoja. Walimweleza jirani kwa maneno yao. Mwisho waliandika, mstari chini ya mstari, 1/2 + 1/3 = 3/6 + 2/6 = 5/6, huku kila namba ikielekezwa kwa kidole kwenye kipande chake. S, ambaye michoro yake ilikuwa imemdanganya, alifuta ukurasa wake wa zamani na kuandika upya chini yake bila kuambiwa.

Kazi hiyo ilichukua vipindi viwili vizima. Mwalimu wa darasa jirani alilalamikia kelele, na mwalimu wa taaluma aliuliza kwa haki lini azimio la kazi litafikiwa.

Matokeo

Katika mtihani wa mwisho wa muhula kosa la kujumlisha asili kwa asili lilibaki kwa wanafunzi wachache, wengi wao wakiwa wale waliokosa shule mara kwa mara. Maswali ya kulinganisha sehemu, ambayo hayakufundishwa moja kwa moja, nayo yalijibiwa vizuri zaidi, kwa sababu wanafunzi walikuwa wamezoea kujiuliza kama jibu ni zaidi au pungufu ya nusu.

Kwa K, kusogezwa dawati la mbele kulifanyika siku ileile, na kurasa tupu zilikoma. Miwani ilichelewa. Kituo cha afya kilimpeleka hospitali ya wilaya, nauli na gharama zikawa mzigo kwa bibi yake anayemlea, na alipata miwani muhula uliofuata baada ya kamati ya shule kuchangia. Katika upimaji uleule wa macho walipatikana watoto wengine ambao hakuna mwalimu aliyekuwa amewashuku.

Kwa T, matokeo ni ya nusu njia. Alianza kusoma na kikundi kidogo baada ya vipindi, kwa vitabu vya madarasa ya chini, na kasi yake iliongezeka, lakini hadi mwisho wa mwaka bado hakuweza kusoma swali refu la maneno bila msaada. Mwaka mmoja haukutosha kuziba pengo la miaka minne.

Uchambuzi

Dhana ya mitindo ya kujifunza ina dai moja linalopaswa kutenganishwa na mengine. Kwamba watoto wana mapendeleo ni kweli, na kwamba wanatofautiana ni kweli. Dai linalobishaniwa ni kwamba mtoto atajifunza vizuri zaidi akifundishwa kwa mtindo unaolingana na pendeleo lake. Mwaka 2004 Frank Coffield na wenzake nchini Uingereza walikuta mifumo 71 tofauti ya kupanga mitindo hiyo, jambo ambalo peke yake linaonesha kwamba hakuna makubaliano juu ya kile kinachopimwa. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, Harold Pashler, Mark McDaniel, Doug Rohrer na Robert Bjork, walieleza ushahidi unaohitajika: wanaoitwa waonaji na wanaoitwa wasikilizaji wagawanywe kwa bahati nasibu katika njia zote mbili za kufundishwa, wapewe mtihani mmoja, na kila kundi lifanye vizuri zaidi kwa njia yake. Waligundua kwamba tafiti chache sana zilitumia utaratibu huo, na kati ya hizo zimo zilizopingana na dai. Walihitimisha kwamba hakuna msingi wa kutosha wa kuingiza upimaji wa mitindo katika ufundishaji.

Darasa la Mwalimu M si jaribio la kisayansi, lakini linaonesha madhara ambayo mjadala wa kitaaluma huyapita haraka. Kumgawia mtoto njia moja ni kumnyima nyingine. Hisabati ya sehemu haina toleo la kusikia na toleo la kushika. Ina kitu, picha, neno na alama, na kuijua ni kuweza kuvuka kutoka kimoja kwenda kingine. Jerome Bruner alieleza katika miaka ya 1960 kwamba wazo huweza kuwakilishwa kwa tendo, kwa picha na kwa alama, lakini hakuwagawia watoto njia hizo. Aliziona kama njia ambazo kila mmoja anazihitaji. Kipindi cha vipande vya karatasi kilifaulu kwa sababu kilizipanga hatua hizo kwa wote, na kwa sababu kila hatua ilielekezwa kidole kwenye iliyotangulia. Waonaji nao walikuwa na picha majuma yote ya makundi, na picha peke yake iliwapeleka kwenye 2/5.

Swali la mwisho wa kipindi lilifanya kazi mbili. Lilimwambia mwalimu ukweli ambao "Ndiyooo" iliuficha, na liliwalazimisha watoto kulitoa wazo kichwani wenyewe. Jaribio la Henry Roediger na Jeffrey Karpicke lililochapishwa mwaka 2006 lilionesha kwamba waliojipima baada ya kusoma walikumbuka zaidi baada ya juma moja kuliko waliorudia kusoma, ingawa muda mfupi baada ya kusoma waliorudia ndio walioonekana kuwa mbele. Hilo linaeleza pia kwa nini wimbo wa KDS ulionekana kufaulu siku ulipofundishwa.

Yaliyoshindwa yasifunikwe. Kipande cha sentimita 12 kilikuwa kizuri mno kwa namba zake. Mada ilipofika 1/2 + 1/5 watoto walikitafuta tena, kikakataa, na baadhi wakaona kwamba somo limeharibika. Wengine walikuwa wameanza kujibu kwa sentimita, wakiandika 10 badala ya 5/6, maana rula ndiyo waliyoiamini. Mwalimu M alilazimika kutengeneza vipande vya urefu wa 10 na kisha vya 20 ili waone kwamba urefu wa kitu kizima ni wa kuchagua, na kwamba nusu inabaki nusu. Ingefaa urefu tofauti utumike tangu juma la kwanza. Pia vikaratasi zaidi ya 90 kila siku havisahihishiki. Baada ya muda Mwalimu M alisoma vya madawati machache kwa zamu, na hiyo ndiyo namna ambayo mwandishi angeipendekeza tangu mwanzo kwa darasa la ukubwa huo.

Hatuwezi pia kutenganisha kilichochangia zaidi kati ya vipande, swali la mwisho wa kipindi, na muda mrefu uliotolewa kwa mada. Yote yalianza pamoja, na hakukuwa na darasa jingine la kulinganisha.

Hali ilivyo sasa shuleni

Kamati ya taaluma ilikubaliana kwamba kila Januari, kabla ya ukaaji kupangwa, mwalimu wa darasa na mwalimu wa afya wapime wanafunzi wote kuona na kusikia kwa njia rahisi, na mwalimu wa Kiswahili asikilize usomaji wa kila mwanafunzi wa darasa la tatu na la tano. Majina ya wanaohitaji kukaa mbele huandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa rejista, ili mwalimu mgeni wa kipindi naye ayaone. Urefu haupangi tena ukaaji. Watoto warefu wasioona mbali hukaa mbele pembeni, karibu na ukuta, ambako hawamzibi mtu. Andalio la somo la Mwalimu M limerudi kuwa la safu moja, na chini yake ameongeza mstari wa swali la kikaratasi pamoja na kosa analotarajia kulikuta.